Migongo Miwili na Fahali Mmoja

Asubuhi ambayo Lokiru alishindwa kuinama kufunga kamba za viatu vyake, Awoi alipiga magoti akamfungia bila kusema neno. Hilo la kutosema neno ndilo lililomuuma zaidi. Awoi si mwanamke wa kunyamaza. Pale Nakwamekwi, Lodwar, mtaa mzima hujua saa anayoamka, maana mtaa mzima huamka naye. Kumwona amekaa chini kimya na kamba za viatu mkononi kulimtia Lokiru hofu ambayo hata maumivu hayakuwa yamemtia.

"Sema basi, mama Sally," alimwambia.

"Niseme nini? Lete ile mguu ingine."

Akaleta mguu mwingine huku akitazama mlangoni. Mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyeendesha lori kutoka Kitale hadi Lokichoggio wakati barabara ilikuwa mashimo matupu, sasa anavalishwa viatu kama mtoto wa chekechea. Barabara ile ndiyo iliyomla mgongo. Lami ilipofika hatimaye, nyeusi na laini, ya kuteleza tu, mgongo wa Lokiru ulikuwa umeshachakaa. Akastaafu na kuanza kuionea gere lami kila anapopita madereva vijana wakiimba.

Na mgongo huo haukuwa na adabu hata ya kuchagua wakati. Ulimwangusha juma lile lile alilopata habari aliyoingojea zaidi ya miaka ishirini.

Hapa inabidi tueleze kidogo. Kwa Waturkana, mwanamke anakuwa ameolewa siku mwanamume anapomchoma fahali wa harusi kwa mkuki, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Kabla ya siku hiyo mnaweza kuishi pamoja, mkajenga, mkazaa, kasisi akawasalimia kila Jumapili kama bwana na bibi, lakini watoto bado ni wa babu yao mzaa mama. Lokiru na Awoi walikuwa hivyo. Binti yao wa kwanza, Sally, alikuwa mwalimu kule Kainuk, na kijana mmoja wa Kerio alikuwa amempenda. Wazee wa kijana wakatuma mtu mpole kuuliza swali jepesi: tukija kumposa, tuje kwa nani?

Swali hilo lilimnyima Lokiru usingizi. Kama fahali hajachomwa, wazee wa Kerio wangepita mlangoni pake, wakamsalimu vizuri, kisha wakaendelea na safari hadi kwa baba yake Awoi, mzee Nakuleu, anayechunga mifugo ng'ambo ya Kakuma. Huko ndiko binti ya Lokiru angeombwa, huko ndiko angetolewa. Yeye angealikwa kama mpita njia.

Si kwamba hakuwa na mifugo. Alikuwa nayo tangu zamani. Tatizo lilikuwa mzee Nakuleu. Kila Lokiru alipotuma wazee, Nakuleu alikuwa na sababu. Mara mvua haijanyesha, mara majani yamekwisha, mara fahali ana rangi isiyopendeza. Lokiru alikuwa na hakika kwamba mzee anamdharau. Hakusahau neno ambalo Nakuleu alilisema mbele ya watu walipokutana mara ya kwanza: "Mtu ya kukaa kwa kiti ya gari siku mzima, mgongo yake itashika mkuki?" Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Lokiru naye alicheka, kwa sababu angefanya nini, lakini neno lile lilikaa ndani yake miaka yote hiyo.

Sasa, bila kutarajiwa, Nakuleu ametuma ujumbe: majani yakiota, mlete fahali. Awoi aliposikia alikaa kwenye kizingiti akalia machozi ya furaha, akapanguza, akaanza kuwapigia simu dada zake wote. Juma hilo hilo Lokiru aliinama kuokota ufunguo. Hakuinua gunia, hakusukuma gari. Ufunguo tu. Akabaki pale pale ameinama, jasho linamtoka, mpaka Awoi alipomkuta.

Vidonge havikuwezekana tena. Miaka ya lori alikuwa akivitafuna vidonge vya maumivu kama njugu, asubuhi na jioni, mpaka tumbo likachimbika vidonda na akaanza kutoa damu. Daktari wa Lodwar hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Ukimeza tena hivyo vidonge, mzee, tumbo ndilo litakalokuua. Mgongo utazikwa ukiwa bado unauma." Lokiru alicheka kidogo, kisha akaona daktari hacheki.

Rafiki yake Odongo, fundi wa magari aliyehamia Lodwar kutoka Kisumu akiwa kijana, alikuja na ushauri wake. Odongo huwa na ushauri kwa kila jambo.

"Gari ikiharibika unafanya nini? Unaipaki. Wewe lala chini, kwa sakafu, usitikisike, mpaka ipoe."

Basi Lokiru akajipaki. Alilala sakafuni siku nenda rudi, akitazama mabati, akiletewa uji na chai, na Awoi akimkanda mgongo kwa mafuta ya kondoo yaliyopashwa moto. Mkono wa Awoi ulimsaidia, hilo hatulikatai. Lakini kila alipoinuka, mwili ulikuwa umekaza kuliko jana, miguu inatetemeka, na kutoka sakafuni hadi mlangoni ikawa safari. Gari likiegeshwa muda mrefu betri hufa, ila hilo Odongo alilisahau.

Ni Odongo huyo huyo aliyemletea habari za mtu wa Nairobi. Alikuwa daktari wa kunyoosha uti wa mgongo, mtu wa mikono mikubwa, ambaye huja Lodwar mara moja moja na kuweka kitanda chake katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Hatoi vidonge wala hachomi sindano. Anakugeuza ubavu, anakushika bega na nyonga, anasukuma, na mgongo unalia: ko, ko, ko.

Lokiru aliposikia milio ile ikitoka mwilini mwake alidhani amekufa. Kisha akasimama na maumivu yamepungua. Alitembea mwenyewe hadi nyumbani, akipunga mkono kwa watu ambao hata hakuwafahamu, akamwita Awoi ili amwone akiinama. Furaha hiyo haikumaliza juma. Alirudi ukumbini akichechemea, akajilaza kitandani kabla hajaambiwa.

"Nivunje tena," alisema. "Safari hii kwa nguvu."

Yule daktari alimkalisha. "Mzee, mkono wangu umefungua mlango tu. Wa kuuzuia usijifunge ni wewe. Nyama za mgongo wako zimelala, na za nyonga pia. Nikikugonga kila siku nitakuwa nakudanganya. Nenda ukafanye mazoezi kwa mtu anayeyajua. Hapa Lodwar wapo, na Kakuma yuko mmoja anaitwa Chelangat, ana kikundi kila Jumatano."

Mtu mwenye akili timamu angechagua Lodwar. Lakini Lodwar ina macho, na nusu ya macho hayo yana ndugu kule kwa Nakuleu. Bwana harusi mgonjwa wa mgongo akionekana anajikunjakunja kwenye veranda ya hospitali, habari ingefika ng'ambo ya Kakuma kabla hajavaa shati. Kwa hiyo Lokiru akachagua Kakuma, mji wenye watu kutoka kila nchi, ambako nani angemjua. Kwamba Kakuma iko karibu zaidi na kwa Nakuleu hakulisahau. Alijiambia tu kwamba mzee anauchukia mji, hajakanyaga Kakuma tangu enzi za dunia kuumbwa. Awoi alimtazama akipiga hesabu hizo. Akasema, "Wewe enda. Mradi uende."

Rafiki yake wa zamani, Mike, alikuwa bado anaendesha gari la mizigo njia hiyo. Jumatano alimchukua alfajiri, wakawa wanasimama njiani Lokiru ashuke, atembee kidogo kando ya lami, apande tena.

Ukumbi wa Chelangat ulikuwa wa mabati, mikeka imetandazwa, feni moja inazunguka kwa uvivu. Chelangat mwenyewe alikuwa msichana mfupi kutoka Bomet, mwenye sauti ya kumsimamisha ng'ombe. Kwanza alimweka Lokiru pembeni akamhoji. Je, miguu inakufa ganzi? Mkojo unamtoka bila kujua? Ana homa, amekonda? Lokiru hakuwahi kuulizwa habari za mkojo na binti wa umri wa Sally. Alijibu akitazama feni.

"Vizuri," Chelangat alisema. "Kama ungeniambia ndiyo, leo ningekupeleka hospitali, si hapa. Mgongo wako haujavunjika, mzee. Umechoka na umeogopa. Tutaufundisha kuacha kuogopa. Ingia."

Ndani walikuwepo kina mama wa Kisomali na madera yao, fundi cherehani mmoja Mkongomani aliyesema mugongo wake uliharibikia kwa mashini, mwanamke mrefu wa Sudan Kusini aliyeitwa Nyamal, na wanawake wa Kiturkana wanaouza kuni katika kambi ya wakimbizi. Chelangat akawaambia wote wapige magoti, waweke viganja chini, wasimame kwa miguu minne. "Sasa bonyeza mgongo chini kama ng'ombe. Sasa uinue juu kama paka. Pumua. Lokiru, usizuie pumzi, hakuna anayekuibia."

Lokiru, mwanamume mzima wa Kiturkana, akabonyea na kuinuka kwa miguu minne katika chumba cha watu wasiomjua, akimshukuru Mungu kwamba hawamjui. Ndipo alipoona, mkeka wa pili kutoka kwake, kigoda kidogo cha mbao cha miguu miwili, kile ambacho mzee wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia usiku, hakitoki mkononi mwake mpaka anazikwa. Alikifahamu kigoda kile. Kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa ngozi ya ngamia. Akapandisha macho taratibu kutoka kwenye kigoda hadi kwa mwenyewe.

Mzee Nakuleu alikuwa kwa miguu minne, ameinua mgongo kama paka.

Walitazamana. Hakuna aliyepumua, na safari hii Chelangat alipiga kelele bure. Mtu hakai mkeka mmoja na baba mkwe wake. Hali chakula mbele yake akijisahau, hacheki mbele yake ovyo, na kwa hakika hamtazami akiwa katika hali ile.

"Mnajuana?" Chelangat aliuliza, maana chumba kizima kilikuwa kimeona.

"Hapana," walisema wote wawili kwa pamoja.

"Basi mtajuana. Wote ni warefu, mtafanya zoezi la wawili pamoja."

"Huyu hapana gusa mimi," Nakuleu alisema.

"Apa," Chelangat alimwambia kwa upole, kwa kuwa alishajifunza kwamba hivyo ndivyo Waturkana wanavyomwita baba, "hapa hakuna mkubwa wala mdogo. Hapa kuna migongo tu."

Zoezi lenyewe lilikuwa hivi. Watu wawili wanakaa chini, mgongo kwa mgongo, wanapitisha viwiko ndani ya viwiko, wanakunja magoti, kisha wanaegemeana na kusukuma kwa miguu mpaka wasimame. Ukimlemea mwenzako anaanguka mbele. Ukijizuia usimguse, mnabaki chini wote. Ahueni pekee ilikuwa kwamba hamtazamani, na kwa hesabu za Lokiru heshima ilikuwa imelindwa nusu. Mara ya kwanza alisukuma kwa hofu, mzee akaangukia viganja. Mara ya pili hakuna aliyesukuma, wakakaa pale kama mizigo miwili iliyosahauliwa stendi. Kina mama wa Kisomali waliziba vinywa kwa mitandio yao.

Lokiru alirudi Lodwar na uamuzi wa kutorudi tena Kakuma. Alimwambia Awoi kwamba mazoezi ni upuuzi. Awoi hakubishana. Alichukua tu kiatu, akapiga magoti mbele yake. Jumatano iliyofuata Lokiru alikuwa ndani ya gari la Mike.

Nakuleu naye alikuwepo. Wakaendelea hivyo, Jumatano kwa Jumatano, bila salamu, hata "ejok" ya kutupiana njiani. Nyumbani Lokiru alifanya alivyofundishwa. Alilala ubavu na kuweka nguo iliyokunjwa katikati ya magoti, alikalia mchanga wenye joto la asubuhi kando ya Turkwel kabla ya kujinyoosha, alitembea kila siku hata kama ni mbele kidogo ya jana. Mtaani ilivuma kwamba anatambaa uani kwa miguu minne na kwamba ugonjwa umepanda kichwani. Awoi aliyajibu yote hayo kwa sauti yake ile, na uvumi ukapungua. Maumivu hayakuondoka yote. Kuna siku yalirudi na kumkalia asubuhi nzima. Lakini alikuwa ameacha kuyaogopa, na siku moja aligundua kwamba ameinama, ameokota sahani ya kunyweshea mbuzi na kusimama bila kufikiri.

Kule Kakuma viwiko viwili navyo vilianza kujuana. Lokiru alijua mzee anapumua vipi anapokaribia kuinuka. Mzee alijua Lokiru huharakisha mwishoni. Walikuwa sasa wanasimama mara moja tu, na Nyamal, mwanamke mrefu wa Sudan Kusini, alikuwa amewazoea kiasi cha kuwapigia makofi.

Jumatano moja gari la Mike lilichelewa. Lokiru aliketi kwenye benchi la kibanda cha chai kilicho karibu na ukumbi. Nakuleu akaja, akaweka kigoda chake upande wa pili wa nguzo, akaketi akiangalia kwingine. Walikunywa chai hivyo, nguzo katikati. Halafu mzee akasema, akiiambia barabara:

"Ile mwaka nilisema mvua haijanyesha."

 Lokiru alikumbuka mwaka huo vizuri. Awoi alikuwa ameshanunua shanga.

"Mvua ilinyesha," mzee alisema.

Kisha akasimulia kidogo kidogo. Miaka mingi iliyopita, wakati wa kiangazi, walikuwa wanachimba kisima ndani ya mchanga wa mto mkavu, watu wamesimama kwa ngazi, wanapokezana maji kutoka chini hadi juu kwa ng'ombe. Yeye alikuwa chini kabisa. Siku hiyo alipanda juu akiwa amepinda, na tangu hapo hajanyooka sawasawa. Siku ya harusi, wazee wa bibi harusi huchuchumaa kwa duara wakati wa maombi, na katika ukoo wao baba wa binti ndiye wa kwanza kusimama. Wengine wote hungoja. Mzee akishikwa mkono ili asimame siku hiyo, watu husema nyumba yake inaanguka.

"Nikichuchumaa, mimi hapana simama tena," Nakuleu alisema. "Sasa ningefanya nini? Nikasema mvua. Nikasema majani. Nikasema rangi ya ng'ombe yako mbaya. Ile ng'ombe ilikuwa mzuri sana. Nilipoanza kuja kwa hii msichana, nikaona nitasimama, ndiyo nikasema lete fahali."

Lokiru aliweka kikombe chini. Alitaka kucheka, alitaka kupiga yowe. Miaka yote hiyo, machozi yote ya Awoi, na kumbe ni hili.

"Mimi nilidhani unanidharau, Apa."

"Nilikudharau," mzee alisema bila kificho. "Hiyo iliisha Sally alipozaliwa. Mgongo ndio haikuisha." Akanywa chai. "Mimi nilisema ile maneno ya kiti. Halafu mgongo yangu ikaniangusha kabla ya yako. Ningekuambia na mdomo gani?"

Lokiru alimhurumia, na kuhurumiana na baba mkwe ni jambo ambalo hakuna aliyemfundisha namna ya kulifanya.  Gari la Mike lilipotokea, mzee alisema, bado akitazama kwingine, "Sisi hatukuonana hapa."

"Hatukuonana, Apa."

Majani yakaota. Siku ya harusi boma la Nakuleu lilijaa watu mpaka mbuzi wakakosa mahali. Sally alifika kutoka Kainuk na kijana wake wa Kerio, pamoja na wazee watatu wa kijana huyo, waliokaa pembeni kwa adabu, wametoa macho, wanangoja waone mlango wa kupiga hodi ni upi. Awoi alikuwa amepakwa mafuta na udongo mwekundu, shanga mpya zimepanda hadi kidevuni, na kwa mara ya pili katika maisha yake alikuwa kimya.

Fahali alikuwa mwekundu mwenye kipaji cheupe. Lokiru alipewa mkuki. Alikwenda vizuri, hatua moja, nyingine, watu wametulia. Fahali akageuka ghafla. Lokiru naye akageuka kumfuata, na hapo, chini kidogo ya mkanda, akausikia mfinyo ule wa zamani. Mwili wote ukaganda. Alisimama na mkuki umeinuliwa, hawezi mbele, hawezi nyuma, pumzi ameibana kifuani. Mzee mmoja alikohoa. Mwingine alinong'ona jambo, na Lokiru, kwa masikio ya mtu anayefedheheka, alilisikia neno "kiti." Aliona upande wa jicho lake wazee wa Kerio wakitazamana. Aliona Sally ameshika mkono wa mama yake.

"Pumua."

Sauti ilitoka kwenye duara la wazee. Ilikuwa ya Nakuleu, tena ya juu, kila mtu aliisikia.

"Toa pumzi. Hakuna mtu anakuibia. Kunja nyonga, wacha mgongo. Hapana sukuma na mkono, sukuma na mguu."

Wazee walimgeukia. Maneno gani hayo, na ameyatoa wapi? Nakuleu hakuwatazama. Alikuwa anamtazama Lokiru usoni, mara ya kwanza tangu siku ile ya mikeka.

Lokiru akatoa pumzi. Mfinyo haukuondoka, ila ulilegea kiasi cha kumpisha. Akakunja nyonga, akasukuma kwa mguu, na mkuki ukaingia mahali pake. Fahali akapiga magoti taratibu, akalala ubavu. Vigelegele vikapasuka, na Awoi akapata sauti yake yote kwa mpigo mmoja.

Maombi ya wazee yalikuwa marefu. Kila mmoja alitaka kuombea mvua, mifugo, watoto, serikali, na barabara. Wakiwa wamechuchumaa duarani, watu wote wakiitikia, jua likapanda. Maombi yalipokwisha, vichwa vikabaki vimeinama vikimngoja baba wa binti asimame. Nakuleu hakusimama. Akajaribu. Mkono wake ukapapasa mchanga, ukatafuta kigoda, ukakikosa. Lokiru aliyekuwa amesimama mbali kwa heshima aliuona ule mkono, akajua. Ungekuwa usaliti mkubwa kumpa mkono mbele ya watu, na ungekuwa ukatili kumwacha.

Akatembea hadi ndani ya duara, mahali ambapo hakuwa na haki ya kukanyaga. Mtu alisema "we," kwa onyo. Lokiru hakusikia au alijifanya hakusikia. Akakaa chini mchangani nyuma ya baba mkwe wake, mgongo kwa mgongo, akapitisha viwiko.

"Tayari, Apa?"

 Lokiru aliisikia pumzi ya mzee mgongoni, fupi, ya mtu anayepima jambo. Hapakuwa na nguzo hapa, wala feni, wala watu wasiowajua. Kisha mgongo ule wa mifupa ukamwegemea.

"Polepole," Nakuleu alisema. "Wewe unaharakisha kila siku."

Wakasukuma. Walisimama pamoja, na hata leo ukiuliza kule ni nani aliyetangulia kusimama, watu watabishana mpaka jioni. Wengine walicheka, si kwa kejeli. Wazee wengine wakainuka, magoti yakilia, na mmoja wao, rika la Nakuleu, akauliza mambo haya yamefundishwa wapi.

"Kakuma," Nakuleu alisema. "Kuna msichana ya Bomet pale. Tunaendanga na mtoto yangu."

Lokiru aligeuka kutazama ni mtoto yupi anayesemwa. Awoi ndiye aliyeelewa mapema kuliko yeye, akaficha uso wake wenye udongo mwekundu kwenye bega la Sally.

Jua lilipokuwa limeanza kushuka, wazee wa Kerio walikuja na fimbo zao, wakachuchumaa mbele ya Nakuleu, wakauliza swali lao lile lile jepesi. Binti ameonekana na amependwa. Wakija, waje kwa nani? Nakuleu, akiwa kwenye kigoda chake, alimwonyesha Lokiru kwa mdomo, kama wazee wanavyoonyesha.

"Kwa huyu," alisema. "Mtoto ni yake. Mimi nitakuja Lodwar kukaa na yeye siku hiyo. Lakini msije Jumatano."